Malalamiko: neti mliyoniuzia si ile mliyoandika kwenye tangazo

Salaam,

Mimi ni mkulima mdogo wa mboga hapa Ganda, Malindi. Nishawapigia simu mara tatu na kila mara napewa mtu mwengine nianze kuhadithia upya, bas leo naandika yote yakae mahali pamoja, na picha ziko hapo chini.

Mwezi wa nne niliagiza kwenu neti ya kuzuia wadudu, mita 3 kwa 10, shilingi 7,400 na nauli ya basi juu yangu. Kwenye tangazo mliandika meshi 50, inahimili jua miaka 5. Nilitaka ya kusi, maana huku mwezi wa sita mpaka wa nane ndio tunapata kijibaridi na sukuma na kabichi zinakubali, halafu neti yenye matundu madogo inafungia joto, ukifunika wakati wa kaskazi mboga unazipika humo humo.

Nikafanya kila kitu. Miche niliifunika siku ile ile ya kuihamisha, nikapinda paipu za maji za nusu inchi zikawa matao ili neti isilale juu ya majani, kwa sababu ikigusa jani kipepeo anataga mayai akiwa nje, na pembeni nikafukia na mchanga maana upepo wa kusi mnaujua, au pengine hamuujui. Hata tuta nilichagua mahali ambapo msimu uliopita sikupanda kabichi, wadudu waliolala ardhini wasije wakaamkia ndani ya neti.

Wiki ya tatu nafunua nipalilie, lahaula, vidukari wamejaa nyuma ya majani kama majivu, na upande wa tungule inzi weupe wakaruka kama vumbi na majani yashaanza kujikunja. Kipepeo sikuona hata mmoja, hilo nasema haki. Nikachukua rula ya mtoto nikahesabu matundu kwenye inchi moja, 16. Nikahesabu pengine, 16. Meshi 50 si maana yake matundu 50 kwa inchi? Haya yenu kila tundu ni zaidi ya milimita moja, kidukari anaingia na mizigo yake.

Ndio nikakumbuka ile karatasi ya maelezo iliyokuwa ndani ya mfuko, mwanangu akanisomea. Ati hii ni neti ya bustani za mboga wakati wa baridi, inazuia njiwa na vipepeo, na theluji ikijaa juu uikung'ute isije ikavunja matao. Theluji, Ganda! Mama watoto akauliza tutaikung'uta na ufagio upi, wa ndani au wa uwanjani. Neti yenyewe siilaumu, huko Ulaya njiwa wanashuka kwenye kabichi kwelikweli wakikosa kijani kingine na pengine inafanya kazi yake vizuri, lakini shida yangu mimi si njiwa, na lebo ya meshi 50 imebandikwa juu ya lebo nyengine, angalieni picha ya pili.

Sasa la kunikera zaidi. Mwezi huu wa nane imeanza kukatika pale inapopanda juu ya matao, ukiivuta kidogo inachanika kama karatasi ya maandazi, na kijana wenu akanijibu eti "utakuwa umeifua na jiki." Mimi? Nimeifua mara moja tu, karai, sabuni ya kipande, maji baridi, bila kuisugua, nikaianika chini ya mwembe, jirani akanicheka kwamba naitunza kuliko shati langu la Ijumaa. Plastiki isiyotiwa kinga ya jua inakatika hivyo hivyo, na hili ni jua la kusi, nusu ya siku mawingu. Lingekuwa la mwezi wa pili je?

Nataka pesa zangu zote na ile nauli, ama mniletee neti ya meshi 50 ya kweli kabla mvua za vuli hazijaanza mwezi wa kumi, nipate kupanda tena tungule. Hasara ya mboga nishaimeza. Na mzigo ukifika nitaufungulia hapo hapo stendi kabla sijasaini, rula nitakuja nayo.