Wiki sita hazimtoi mkalimani wa lugha ya alama

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno kuhusu tangazo nililolikuta limebandikwa ukutani. Linaahidi kumfanya mtu kuwa mkalimani wa lugha ya alama kwa wiki sita, na cheti juu. Nilipita njia hiyohiyo, na aliyeumia si mimi.

Nimekua na dada yangu ambaye ni kiziwi. Nyumbani tulikuwa na alama zetu, nyingine tulizitunga wenyewe, kwa hiyo nilipomaliza kozi fupi ya namna hii nikajiona nimeiva. Haukupita muda nikaombwa nimsindikize mama mmoja kiziwi kuchukua majibu ya vipimo. (Ameniruhusu kusimulia bila kumtaja, na ugonjwa wenyewe siutaji.) Daktari akasema, "Majibu ni chanya." Kwangu chanya lilikuwa jambo jema: mtazamo chanya, mabadiliko chanya. Nikatoa alama ya "nzuri". Yule mama akatabasamu, akashika mkoba wake ainuke. Bahati ni kwamba tabasamu lile lilimshtua daktari, akavuta karatasi akamwandikia kwamba ugonjwa umeonekana. Uso wa mama yule alipomaliza kusoma ninao hadi leo.

Nimewaza sana kuhusu dakika ile. Daktari haijui lugha ya alama, kwa hiyo hakuweza kuona kosa langu. Mama hakusikia lililosemwa, naye pia hakuweza kuliona. Katika chumba kile mimi peke yangu ndiye niliyeshika pande zote mbili za maneno, na mimi ndiye sikujua.

Sasa niko mwaka wa pili wa mafunzo kamili. Mwalimu wetu mkuu ni kiziwi, na kipindi chake hakuna anayetoa sauti. Alianza na uso, si mikono. Katika lugha nyingi za alama nyusi zikipanda, swali linataka ndiyo au hapana. Zikishuka na kukunjana, linauliza nani, wapi, kwa nini. Mimi niliyeikariri mikono nikagundua kwamba miaka yote nilikuwa nazungumza na dada yangu nusu nusu, naye akinivumilia.

Kisha kuna nafasi iliyo mbele ya mwili. Kwa Kiswahili naweza kusema "alimwambia amechelewa" na nisibainishe nani amemwambia nani, wala nani amechelewa. Kwa alama siwezi kujificha hivyo: kila mtu anawekwa mahali pake hewani, na kitendo kinasafiri kutoka kwa msemaji kwenda kwa aliyeambiwa. Nisipoelewa, mkono hauna pa kuanzia. Siku tulipopewa "mchumia juani hulia kivulini", nilionyesha jua, kivuli na mtu anayekula. Mwalimu akaniuliza, "Kwa nini asile hukohuko juani?" Ilinibidi niache jua na kivuli, nitafute maana, niijenge upya.

Lililo gumu zaidi, na sijaona tangazo linalolitaja, ni kumpa kiziwi sauti. Akisema ana maumivu, nami natamka "nina maumivu", si "anasema ana maumivu". Kila Jumamosi najirekodi kwa simu kisha naangalia na mwalimu: pale nilipopunguza, pale nilipoongeza la kwangu, pale nilipomfanya mtu mwenye busara asikike kama mtoto. Hilo la mwisho linauma. Isitoshe, akili huchoka haraka, ndiyo maana kwenye mikutano mirefu wakalimani huwa wawili, wakipokezana kila dakika 20 au 30.

Viziwi wameamuliwa mambo na wasiowajua kwa muda mrefu. Mkutano wa waalimu uliofanyika Milan mwaka 1880, wengi wao wakiwa watu wanaosikia, ulipitisha kwamba alama ziondolewe katika ufundishaji, na vizazi vya watoto vikakatazwa lugha yao darasani. Ni mwaka 1960 ambapo mtaalamu wa lugha, William Stokoe, alichapisha uchambuzi wake ulioonyesha kwamba lugha ya alama ya Marekani ina muundo kamili kama lugha nyingine. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, wa mwaka 2006, unazungumzia wakalimani wa kitaalamu wa lugha ya alama. Neno "kitaalamu" limo, na halikuwekwa kujaza mstari. Tuliona mwaka 2013, kwenye ibada ya kumbukumbu ya Nelson Mandela: mwanamume alisimama pembeni ya viongozi wa dunia akipunga mikono bila maana. Sisi tunaosikia tuliona mkalimani. Viziwi waliona mara moja kwamba hakuna kinachosemwa.

Kwa hiyo anayetaka kazi hii, na ninatamani watake wengi, asiulize kwanza kozi ni ya muda gani. Aulize nani anafundisha, na nani anayepima. Kama hakuna kiziwi mezani anayeweza kusema "huyu sikumwelewa", cheti hicho kimetolewa na watu wasioweza kukisoma.

Mtihani wangu wa mwaka huu una wasimamizi watatu, wawili ni viziwi. Nimemwendea yule mama nikamwomba awe ndiye nitakayemfanyia ukalimani siku hiyo. Alifikiri kidogo, kisha akakubali kwa sharti moja: neno nisilolielewa, nimsimamishe msemaji hapohapo na kumuuliza, hata kama ni daktari.

Mwanafunzi wa ukalimani, mwaka wa pili