Barua kwa mwanangu: usiuwashe msumeno huo bado

Mwanangu,

Assalamu alaikum. Sisi huku Amu hatujambo, alhamdulillahi. Mamako amenionyesha picha ya chumba cha uani ulichokigeuza karakana, na ule msumeno wa meza wa mitumba umekaa katikati kama bwana harusi. Nimeikuza picha nikaitazama vizuri. Kinga ya juu haipo. Kisu cha nyuma ya diski hakipo. Na wewe umesimama mbele yake, mtandio unaning'inia mpaka kiunoni. Umenunua bila kuniuliza, haya, hilo lishapita. Ninachokuomba ni kwamba usiuwashe kabla hujaimaliza barua hii.

Diski ya inchi 10 ikizunguka mara 4,000 kwa dakika, meno yake yanakwenda kama kilomita 190 kwa saa. Meno ya mbele, yaliyo upande wako, yanashuka, kwa hiyo yanaibana mbao chini kwenye meza. Ya nyuma yanapanda. Mbao ikijifumba baada ya kupita diski, au ikienda upande kidogo, meno ya nyuma yanaidaka, yanaiinua na kukurushia tumboni. Mkono uliokuwa umeishika huvutwa kuelekea diski. Kisu cha nyuma kazi yake ni kuzuia hilo tu: hukaa ndani ya njia iliyokwisha kukatwa, mbao isipate nafasi ya kuibana diski. Unene wake uwe zaidi ya bamba la diski na pungufu ya upana wa meno. Kwa mfano bamba likiwa milimita 1.8 na meno 2.6, kisu cha 2.2 kinafaa. Kutoka kwenye meno kiachane milimita 3 hadi 8, si zaidi, na kiwe kinapanda na kushuka pamoja na diski. Usikubali fundi wa kuchomelea akukatie kipande cha bati. Bati hupinda, na likipinda huwa ni bora lisiwepo.

Huko Malindi najua utapewa mwarobaini, kwa sababu uko tele na bei yake ni nafuu. Mbao nzuri, wadudu hawaipendi sana, lakini nyuzi zake zimepishana, na mti uliokua umeinama huwa na nguvu iliyojificha ndani. Ukiupasua, vipande viwili vinafunguka au vinajifumba hapo hapo mezani. Ukiona njia inaanza kufumba, usisukume na usivute. Zima, ngoja diski isimame kabisa, ndipo utie kabari. Mvule nao, ukiupata, huwa na vijiwe vya chokaa ndani vinavyoua meno, na vumbi lake linawasha ngozi na kifua. Vaa barakoa ya maana, si ile ya kitambaa. Mbao za nyumba za zamani zipitishie sumaku kwanza, kwani msumari uliozama hauonekani kwa macho.

Mbao iliyopinda haipandi msumenoni. Randa ubavu mmoja kwa mkono mpaka unyooke, ndio ubavu huo uuegemeze kwenye reli, ule ukingo mnyoofu wa mezani unaoiongoza mbao. Uso wa chini nao ulale sawa mezani bila kuyumba. Diski ipande juu ya mbao milimita 3 hadi 6 tu. Ukiwa umechomoa plagi, tia alama kwenye jino moja, pima kutoka jino hilo hadi reli upande wa mbele, kisha lizungushe jino lile lile hadi nyuma upime tena. Vipimo vilingane. Nyuma ikiwa nyembamba, hata kwa nusu milimita, reli yenyewe ndiyo itakayoisukuma mbao ibane. Na ukikata mkingamo, yaani kukingama na nyuzi, usitumie reli na kisukumio cha pembe, kile kinachoteleza kwenye mfereji wa meza, kwa wakati mmoja: kipande kilichokatika hunaswa kati ya diski na reli, kikaruka. Kata kwa kisukumio peke yake, na usikate kitu chochote kwa mikono mitupu bila kimoja kati ya hivyo viwili.

Nafasi kati ya diski na reli ikipungua sentimita 15, mkono hauingii, kunaingia kijiti cha kusukumia. Kichonge leo kutoka kipande cha plaiwudi, chenye kisigino cha kuikamata mbao kwa nyuma. Tengeneza viwili, kimoja kitakatwa. Simama kushoto kwa njia ya mbao, si nyuma yake. Glavu hapana: diski ikidaka uzi wa glavu huuvuta mkono mzima. Mtandio uvue, au ufunge kichwani kwa nyuma ncha zikiwa ndani ya blauzi, mikono ya nguo uikunje juu ya viwiko, bangili uziweke mezani kwa mamako mkwe. Miwani vaa kila mara, hata kwa kukata mara moja. Mimi huniona siivai, hilo usilichukue kwangu.

Sasa stima. Mota ya wati 1,800 kwa volti 240 inakula ampea saba na nusu, na wakati wa kuanza inakula zaidi. Ile ekstensheni nyeupe ya kuchajia simu itapata moto, mota ikose nguvu, diski ipunguze mwendo katikati ya mbao, tukarudi kule kule kwenye kubanwa. Nunua waya wa milimita 2.5, na ikiwa umezungushwa kwenye gurudumu uukunjue wote kabla ya kutumia, la sivyo unajipika wenyewe. Stima ikipotea katikati ya kazi, kwanza zima swichi, halafu ndipo ulalamike. Mashine ya zamani kama hiyo ikirudishiwa stima huanza yenyewe, hata kama mikono yako imo mezani unapangusa unga wa mbao.

Lile kabati la vyombo ulilomfanyia wifi yako nililishika nilipokuja. Ulimi umeingia tunduni bila kuyumba, na hukuficha nyufa kwa gundi na vumbi kama wafanyavyo wengi. Hiyo ni kazi. Lakini meza uliyoipigia skrubu za moja kwa moja mpaka kwenye fremu itapasuka, nakwambia mapema. Uso wa sentimita 60 huvimba na kusinyaa milimita tano au sita kati ya mvua na jua. Toboa matundu marefu yanayolala kukingama na nyuzi, skrubu ipate kuteleza. Ile ya katikati pekee ndiyo uikaze.

Mbao mbichi usikimbilie. Zipange juu ya vijiti vya unene wa sentimita mbili, kila nusu mita kijiti, vyote vikae mstari mmoja kutoka chini hadi juu. Ncha zipake rangi zisipasuke, na weka mahali pa kivuli penye upepo. Chagua ubao mmoja uupime kwa mizani kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, umetulia. Hapa pwani hautashuka chini ya unyevu wa asilimia 14 hivi, hata ukingoja miaka. Kwa hiyo mteja wa Nairobi mweleze kuwa kule kitasinyaa zaidi.

Mafuta ya nazi usipakie mbao. Hayakauki, yanavunda. Tumia ya kitani, paka kwa uchache, pangusa baada ya robo saa. Matambara uliyopangusia usiyabumbe ukayatupa pembeni, maana yanajipasha moto yenyewe hadi kuwaka. Yatandaze nje mojamoja kwenye kamba, au yatie ndani ya maji. Na msumeno ni ule ule, narudia: hata siku moja ya kazi ya haraka, bila kisu cha nyuma hapana. Mwambie na mumeo, asije akauwasha kukata kuni.

Nyumbani mlango wa jikoni umevimba kwa mvua hizi na mamako anataka niurande. Nimekataa. Ukirandwa sasa, kusi ikikaa sawa utabaki na upenyo wa kuingiza paka. Tumeupaka nta ya mshumaa ubavuni, unafunga kwa kusukumwa. Hiyo nta ipake pia meza ya msumeno wako, kwa sababu hewa ya bahari itakila chuma kabla hujalipa deni lake. Mbuzi ya nazi ya bibi yako imevunjika mguu mmoja. Anasema anataka uitengeneze wewe, si mimi, eti wewe una mkono mwepesi. Ulimi wa chuma ni mzima, mbao tu. Chagua ubao mzito wa kukalia, unene wa inchi moja na robo, na tundu la msumari wa makutano ya miguu ulitoboe mbali na ncha, walau inchi mbili, maana hapo ndipo ilipopasukia.

Nipimie unene wa bamba la diski na upana wa meno, mahali pasipo na kutu, unitumie kwa simu. Kuna fundi Mombasa anauza visu vya mashine za zamani, nitamwagiza. Kesho nakupelekea kifurushi kwa basi la kutoka Mokowe: patasi tatu, randa ndogo na kinoo. Patasi zinolewe kwa pembe ya nyuzi 30 kwenye makali, na mgongo uwe bapa kabisa, usiuguse kwa mashine. Nimezifunga gazeti, makali yako upande wa kamba nyekundu, kwa hiyo fungulia upande wa pili. Nauli nimelipa, mwenye ofisi akikudai usimpe.

Babako