Maji ya chumvi mnayoyalaumu

Stirling, Uskoti

Mama, shikamoo. Dada, mbukwa, na wote hapo Chang'ombe.

Mliuliza kama plastiki inaleta virusi. Haivileti, inavibeba. Kipande cha plastiki kikikaa majini hufanya utelezi, ule ule wa ndani ya dumu lisilosuguliwa, na humo virusi hupata kivuli dhidi ya jua na klorini. Mwaka 2022 watafiti wa chuo kikuu cha hapa Stirling walionyesha kwamba virusi vya rota, vinavyoharisha watoto, huweza kukaa kwenye chembe za plastiki hadi siku 3 vikiwa bado vinaambukiza. Virusi vyenye ganda la mafuta havidumu hivyo.

Kuna pia majaribio ya seli za mapafu: chembe za polistirini, ile sponji nyeupe ya kufungia chipsi, zilivirahisishia virusi vya mafua kuingia ndani ya seli. Hayo ni ya maabara tu. Chipsi endeleeni kula.

Sasa maji yenu ya chumvi, yasiyotoa povu la sabuni. Chokaa yake ikichemka hugandia chembe za plastiki na kuzizamisha. Watafiti wa China walipima mwaka 2024: maji yenye chokaa miligramu 300 kwa lita, yakichemshwa dakika 5 na kuchujwa, hupoteza hadi asilimia 90 ya chembe; maji laini, yenye chokaa kidogo, karibu asilimia 25 tu. Basi yatokote dakika 5 kamili, ingawa virusi hufa ndani ya dakika ya kwanza. Yapoe kwenye sufuria hiyo hiyo bila kukorogwa. Mimina taratibu kupitia kanga kuukuu ya pamba iliyokunjwa mara 4, maana kitambaa cha poliesta chenyewe hutoa nyuzi za plastiki. Maji ya vidole viwili vya chini, yenye ukoko mweupe, mwaga.

Kosa kubwa ni kumimina maji ya moto kwenye dumu: joto linabandua chembe upya na kazi yote imepotea. Wekeni mtungini. Na dumu msilioshe kwa kutikisa mchanga na kokoto. Linang'aa kweli, lakini mikwaruzo inamwaga chembe, kisha utelezi unajificha humo humo. Tumieni brashi na sabuni. Lililopauka kwa jua likawa linaacha unga mkononi, libakie la kumwagilia mchicha.

Dada, mtoto apate chanjo ya rota wiki ya 6 na ya 10. Angalia kadi ya kliniki leo hii.

Wasalaam,
Mwanenu