Diski ya harusi iliyogoma kwenye deki

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwakumbushe wachoma diski wa hapa Lindi kwamba si kila diski inayokwamakwama imekwaruzika. Diski ya harusi ya binti yangu ilicheza vizuri kwenye kompyuta ya fundi, lakini deki yetu ya nyumbani ikaikataa, na nilipoigeuzageuza juani sikuona mkwaruzo hata mmoja. Kumbe fundi alinakili faili ya video kama ilivyo, bila kuigeuza iwe katika mfumo wa DVD, wala hakuifunga diski mwishoni mwa uchomaji (yaani kuikamilisha ili deki nyingine ziweze kuisoma), jambo ambalo deki nyingi hazilivumilii. Alipoigeuza video, akachoma diski nyingine na kuifunga, kwa kasi ya mara 4 badala ya 16, bila kubandika ile karatasi ya picha ya maharusi (ilipendeza, lakini huyumbisha diski inapozunguka), ilicheza hadi mwisho.

Msomaji wako,
Lindi Mjini