Dada, uliniuliza ilionekanaje

Dada,

Nakuandikia hapa mbele za watu kwa sababu ujumbe wangu huujibu, na nikipiga simu unampa mtoto aniamkie. Tunasalimiana mimi na yeye mpaka salamu zinaisha, kisha ananiambia mama ana kazi. Namshukuru mtoto, ana adabu, umemlea vizuri. Lakini mimi nilikuwa nakutafuta wewe.

Ngũgĩ wa Thiong'o, mwandishi wa Kenya, alipofariki, tarehe 28 Mei 2025, nilishika simu nikakupigia kabla sijamwambia mtu mwingine yeyote. Ikaita mara mbili nikaikata mwenyewe. Usiku ule nilisoma watu wakibishana juu yake. Huyu analia, yule anasema alikwisha zamani, mwingine anamlaumu kwa kuhimiza lugha za nyumbani huku yeye anaishi Marekani. Nikasikia sauti yako kabisa. Uliwahi kusema riwaya yake Shetani Msalabani ni kitabu cha kelele, kwamba mtu aliyejua kunong'ona vile katika Njia Panda, riwaya yake ya awali, hana sababu ya kupiga ukelele. Mimi nikasema aliiandika akiwa kizuizini katika gereza la Kamiti, kwenye karatasi za chooni, na mtu aliyefungwa bila kesi ana haki ya kupiga ukelele. Ukasema haki anayo, ila masikio ni yako. Tulibishana mpaka Mama akatuzimia taa. Nilitaka ubishi ule tena, Dada. Hicho tu ndicho nilichokupigia.

Lakini najua hatuwezi kumfikia Ngũgĩ kabla hatujapita kwa wale waandishi wawili waliofariki mwaka 2020.

Euphrase Kezilahabi, mwandishi wa Tanzania, alifariki tarehe 9 Januari. Unajua alivyokuwa kwangu. Wewe ulikuwa na Ken Walibora wa Kenya, mimi nilikuwa na Kezilahabi, kama watoto wengine wanavyogawana timu za mpira. Nilimsoma chuoni karibu wote, Kichwamaji mara tatu, Dunia Uwanja wa Fujo, Gamba la Nyoka. Nagona ilinishinda, nawe unajua, kwa sababu wewe ndiye uliyeimaliza, kijitabu chembamba vile, ukanifunga mdomo kwa kuniuliza nimeelewa nini. Sikuelewa. Mpaka leo ninaifungua, nafika katikati, naiweka. Sioni aibu kusema kwamba mwandishi ninayempenda kuliko wote aliandika kitabu nisichokiweza. Nilipenda hata ugomvi wake na washairi wa vina na mizani, alipotoa diwani yake Kichomi mwaka 1974 wakasema hayo si mashairi. Nilikuwa upande wake kabla sijajua hoja zenyewe.

Basi siku ile ya Januari niliandika tanzia. Niliiandika usiku mzima nikiwa na huzuni ya kweli, naomba uliamini hilo hata kama huamini jingine. Niliandika juu ya Rosa Mistika, kitabu chake cha kwanza, cha mwaka 1971, kilichopigwa marufuku mashuleni kwa sababu kilisema waziwazi yanayowapata wasichana. Niliandika juu ya Zakaria, baba wa Rosa, anayempiga bintiye kwa ajili ya barua ya mvulana. Kisha nikaandika sentensi zile. Nazijua kwa moyo, nawe pia: "Nyumbani kwetu nasi tulikuwa na Rosa. Barua yake ilionekana, akapigwa." Sikukutaja jina. Nikaiweka kwenye kundi la familia, wakaisoma shangazi, wajomba, binamu, wote. Wakasema nina kipaji. Mjomba akasema niitume gazetini.

Ukaandika neno moja: "Ilionekanaje?"

Hakuna aliyejibu. Shangazi akaweka mikono ya sala. Mimi nikaona neno lile, nikaweka simu kifudifudi juu ya meza, nikaigeuza, nikaiweka tena. Halafu nikafanya jambo ambalo halinipi usingizi kuliko yote: nikakujibu kwa aya ndefu juu ya nafasi ya mzazi katika riwaya ya Kiswahili. Uliniuliza swali la watoto wawili waliolala chumba kimoja, nami nikakupa mhadhara.

Nataka kueleza kwa nini niliandika vile. Nilidhani nakupa heshima. Miaka mingi kabla, nilipokuletea kile kitabu likizo, nilidhani vilevile. Nilikinunua kwa fedha yangu ya kwanza ya chuo. Nilifikiri utakisoma ujione hukuwa peke yako, kwamba kuna mzee mmoja wa Ukerewe aliyejua. Ulikaa nacho wiki mbili. Ukanirudishia kimefungwa ndani ya gazeti, umekifunga kwa uzi, bila neno. Nilikasirika, nikasema moyoni huyu hana shukrani. Sikufikiri kwamba ulikuwa umefika mwisho wake, umemkuta Rosa amejiua, na kwamba zawadi niliyokupa ilikuwa inakuonyesha msichana aliyepigwa kama wewe na pale alipoishia. Ungewezaje kunishukuru kwa hilo?

Baadaye uliniambia kwa simu: "Mwandishi wako amekufa mzee. Rosa alikufa msichana." Nilikuita mkatili. Mtu hajamaliza hata wiki kaburini! Lakini nimelirudia neno lako mara nyingi, na siku hizi ninakubali nusu yake. Yuko Kazimoto wa Kichwamaji naye, anajiua. Kezilahabi aliwafungia milango wengi. Alikuwa jasiri wa kutazama, lakini mara nyingine natamani angemwachia mmoja wao dirisha. Sikuwahi kulisema hilo wakati yuko hai.

Nusu ya pili siikubali. Mwandishi haui mtu, Dada. Mwandishi anaonyesha. Yaliyompata Rosa yalikuwa yanawapata wasichana kabla Kezilahabi hajashika kalamu, na yangeendelea kuwapata asingeandika. Ningekushauri, kama ungenipa nafasi ya kukushauri, usimchanganye anayeonyesha na anayepiga. Anayeonyesha hajui daima kitakachofuata. Pengine anaonyesha kwa sababu tu kitu kiko mkononi mwake na ni kizito. Pengine ni mtoto, ana miaka tisa, amekuta karatasi, na aliyeingia mlangoni ni baba yake, na tangu azaliwe hajawahi kumficha baba yake kitu.

Naona nilikofika. Nitarudi hapo.

Na Baba hakuwa Zakaria. Hili nililisema kwenye simu ukanikata, kwa hiyo nalisema hapa. Zakaria alikuwa mlevi. Baba hakugusa pombe maisha yake yote, alisali, alilipa ada zetu zote bila kuchelewa hata muhula mmoja. Ukanijibu: "Zakaria angalau alikuwa na pombe ya kusingizia." Sina jibu la hilo mpaka leo. Najua tu kwamba siku anakata roho alikuuliza wewe, hakuniuliza mimi, nawe ulikuwa umekwishafika, umekaa kitandani kwake, umemshika mguu kwa sababu mkono ulikuwa na sindano. Ulimsamehe Baba. Mimi ndiye uliyenibakiza.

Ndiyo maana nilifanya lile la Aprili. Sijitetei, naeleza.

Ken Walibora aligongwa na gari Nairobi tarehe 10 Aprili 2020. Watu wake walimtafuta siku kadhaa bila kujua alipo, kumbe mwili uko mochwari. Tulipata habari pamoja na wengine wote, katika majuma yale ya kwanza ya korona, watu wamefungiwa, hata kumzika hawakuruhusiwa kwenda wengi. Wewe, ambaye hukuwahi kuandika kitu kwenye kundi zaidi ya "amina", uliandika: "Kongowea wangu amekuwa yatima mara ya pili," yule kijana wa riwaya yake Siku Njema. Nami, miezi mitatu baada ya "ilionekanaje", nikaandika chini yake kwamba alikuwa mwandishi wa watoto wa shule, kwamba vitabu vyake vinaishi kwa sababu viko kwenye mitihani.

Siku ileile. Maiti haijazikwa.

Nisikilize. Kuhusu vitabu vyenyewe bado nina neno langu na sitakudanganya ili unirudie. Siku Njema ina bahati nyingi mno. Kongowea ana akili, ana sura, ana Kiswahili kilichomwagika kama asali, na kila njia anayokanyaga kumtafuta baba yake inamfunulia mtu wa kumsaidia. Katika Kidagaa Kimemwozea kila uovu unalipwa kabla kitabu hakijafungwa. Nchi gani hiyo? Nilisema hivyo nikiwa na miaka ishirini na ninasema hivyo leo.

Lakini nilikirudia Siku Njema mwaka huu. Nakala yako iliyochanika jalada ninayo mimi, Mama alinipa alipohama nyumba, nimekuwa nikiificha kama mwizi. Nikasoma kurasa za mwanzo, mtoto wa Tanga na mama yake mwimbaji wa taarabu, na nikaisikia sauti yako ikisoma. Kila usiku sura moja. Uliigeuza sauti kwa kila mhusika, na mahali Kongowea anapoonewa ulikuwa unasimama, unanitazama kama nimelala, kisha unaendelea polepole ili nisiogope. Ulikuwa na miaka kumi na tano. Nimeelewa kwa nini ulihitaji bahati nyingi. Mimi nilikuwa ninasoma vitabu kutoka kwenye godoro ambalo hakuna aliyenipigia juu yake. Wewe ulihitaji mwandishi wa kukuahidi kwamba asubuhi ipo, naye alikuahidi, na alipofariki nikakwambia ahadi yake ni ya kitoto. Hilo ninaliombea msamaha bila "lakini" yoyote. Nilikosa. Nisamehe.

Majisifu wa Kidagaa Kimemwozea nilikuwa nasema hana uhalisia. Mwalimu mzima anaiba mswada wa kijana, anauchapisha kwa jina lake! Mara ya mwisho tulipozungumza uliniita hivyo. "Wewe ni Majisifu. Umechukua yangu, umeandika jina lako chini." Ukakata. Nilizunguka chumba nikijibu ukuta: ni maisha yangu pia, nilikuwepo, nilisikia mkanda kupitia mlango, nilikojoa pale niliposimama, hilo nalo si langu? Nadhani ni langu. Sijabadilika hapo. Nilikuwa na haki ya kusimulia usiku ule.

Ila niliusimulia nikiwa nimejitoa ndani yake. Nilitafuta neno lisilo na mtu, nikalipata. Ilionekana. Kama mvua, kama mwezi. Wewe ulilisoma mara moja ukaona pale mtu aliponyofolewa.

Lipo shairi katika Kichomi la mtu aliyefungwa na dhamiri yake kama mbuzi kwenye mti, kamba fupi, majani anayoyafikia ameshayala yote, na mbele yake majani tele asiyoweza kuyafikia. Zamani nililifundisha vijana kama shairi la falsafa. Sasa nikilisoma naona chumba chetu, kitanda changu upande wa dirisha, na mkoba wako wa shule umening'inia kwenye msumari.

Kwa hiyo ninakujibu. Najua shangazi watasoma. Wasome.

Nimewaambia watu wote, nimemwambia Mama, nimemwambia hata mke wangu, kwamba nilikuwa mtoto, niliona karatasi imekunjwa, nikampa Baba bila kujua ni nini. Nimelisema mara nyingi hata hapa juu nimelisema tena, umeona. Si kweli, Dada. Barua ilikuwa ndani ya daftari lako la kemia. Wiki ile ulikuwa umeacha kunisomea. Ulikuwa unageukia ukutani na tochi, unasoma kitu chako, na nikikuita unasema lala. Nikakitafuta kilichochukua nafasi yangu. Nikakipata, nikakaa kitandani nikakisoma chote, maneno mengine kwa kuyagawa silabi kama ulivyonionyesha, mpaka jina la yule kijana mwishoni. Kisha nikaikunja kwenye mikunjo yake ileile, nikaenda nayo mlangoni nikamsubiri Baba.

Nilikuwa najua kusoma. Ulikuwa umenifundisha wewe.