Chumba kidogo hakiogopi maua makubwa

Mhariri,

Makala yenu ya ukurasa wa nyumba, ile iliyotushauri tupake kijivu na tutundike mapazia yasiyo na ua hata moja ili chumba kionekane kikubwa, imenifikia hapa Mwanjelwa mkononi mwa mteja. Aliisoma kwa sauti mbele ya cherehani yangu, kisha akaahirisha oda. Naomba nafasi ya kujibu.

Kwanza, aliyeandika hajakaa Mbeya mwezi wa Juni. Ukungu ukishuka kutoka mlima Loleza, saa nne asubuhi watu bado wako ndani ya makoti. Ukimpa mtu huyo ukuta wa kijivu, kochi la kijivu na dari jeupe la jipsamu, umemwingizia ukungu sebuleni. Na huyohuyo Jumapili utamkuta kanisani amevaa kitenge chenye tausi mgongo mzima, wala haogopi kuonekana mnene!

Kinachobana chumba kidogo ni vimaua vingi visivyojuana: zulia lina lake, mapazia yana yake, vitambaa vya kufuma vya kwenye makochi vina yake, na kalenda tatu ukutani. Chagua ua moja kubwa, lipe dirisha moja au ukuta mmoja, halafu mito na zulia viazime rangi humohumo. Jicho linapata pa kutua.

Kazi yenyewe ni ya fundi. Chukua kitambaa ambacho ua lake linajirudia kila sentimita 60, na pazia linalohitaji sentimita 220 pamoja na mapindo. Ukikata 220 kavukavu, kipande cha pili kitaanzia katikati ya ua, na kwenye mshono utaona nusu ya jani imekutana na nusu ya ndege. Inabidi ukate 240, ili kila kipande kianzie palepale. Kwa vipande vinne umepoteza sentimita 80, na hapo ndipo mteja anapodhani anaibiwa. Mafundi wengi hukwepa lawama hiyo kwa kumshauri achukue kitambaa kisicho na maua. Kanga ndiyo usiiguse kwa mkasi kabisa: ina pindo pande zote nne, mji katikati na jina chini yake. Ukiigawa mapazia mawili, dirisha la kushoto litaanza methali na la kulia litaimalizia. Ivute nzima kwenye fremu ya mbao, itundike kama picha.

Mnasema kijivu ndiyo usasa. Mwaka 2010, Yinka Shonibare, msanii wa Uingereza mwenye asili ya Nigeria, aliweka Trafalgar Square, London, mfano wa meli ya vita ya Nelson, amiri wa zamani wa Uingereza, ndani ya chupa kubwa, na matanga yake 37 yote ni ya kitambaa cha maua kama vitenge vyetu. Alikichagua makusudi, kwa sababu maua hayo yana safari ndefu: Waholanzi waliiga batiki za Indonesia kwa mashine, na soko wakalipata Afrika Magharibi. Mimi nilipoona picha niliwaza mishono tu. Kisha mtazameni Bibi Esther Mahlangu wa Afrika Kusini, aliyefundishwa na mama na bibi yake kuchora kuta za nyumba za Kindebele. Mwaka 1991 alihamishia nakshi hizohizo kwenye gari la BMW. Angalieni ule mstari mweusi unaozunguka kila rangi; ndio unaozizuia zisigombane.

Sisemi kila kitu kinafaa. Msanii Yayoi Kusama wa Japani ana chumba kilichoanza cheupe chote, meza mpaka vikombe, halafu wageni wakapewa vibandiko vya madoa ya rangi hadi samani zikapotelea humo. Alikitengeneza kwa ajili ya watoto, Australia, mwaka 2002. Kukitembelea ningependa. Kulala humo, hapana.

Kinachoniuma ni cha hapahapa. Hoteli moja mpya mjini kwetu imepamba ukumbi kwa picha za mnara wa Eiffel, wakati wasusi wa vikapu vya majani ya milulu wa Iringa wanajua kupanga weusi juu ya weupe kuliko kiwanda chochote. Sinia zao zikipangwa thelathini ukuta mzima, ukumbi hauhitaji kingine. Neema Crafts, karakana ya watu wenye ulemavu iliyoanza Iringa mwaka 2003, nayo inafuma vitambaa. Mpelekeni mpigapicha wenu huko, na picha mzichape kwa rangi.

Na wanaojenga kumbi sasa hivi, mtuite kabla bomba la pazia halijafungwa. Likikaa sentimita tano tu juu ya fremu, ua kubwa halina pa kuanzia, na kulihamisha baadaye ni kutoboa ukuta uliokwisha kupakwa rangi.

Fundi mapazia,
Mwanjelwa, Mbeya