Masharti yatangulie, kibali kifuate

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu yako niseme neno kuhusu kampuni kubwa za kigeni za rejareja na hali ya maduka madogo.

Kila inapotangazwa kuwa kampuni ya aina hiyo inakuja kufungua supamaketi, mabishano ni yaleyale. Huku wanashangilia bei nafuu na ajira, kule wanalia kwamba wageni wanakuja kutumaliza. Nimeyafuatilia mabishano haya miaka mingi, na naona wote wanagombania mlango wa mbele, anaoingilia mteja. Duka dogo linauawa kupitia mlango wa nyuma, ule wa kupakulia mali.

Muuza duka mdogo hununua katoni mbili tatu kwa muuzaji wa jumla, na huyo wa jumla naye kanunua kiwandani. Kila mkono ambao mali imepitia umeongeza chake kwenye bei. Kampuni kubwa haihitaji mikono hiyo, maana huagiza kiwandani moja kwa moja kwa ajili ya mamia ya maduka. Walmart ya Marekani ina maduka zaidi ya 10,000 na mauzo yake ya mwaka yamevuka dola bilioni 600. Mwenye kiwanda akikaa meza moja na mnunuzi kama huyo, atabisha nini? Ndiyo maana rafu ya supamaketi inaweza kuwa na bidhaa kwa bei iliyo chini ya ile ambayo muuza duka amenunulia kwa jumla. Mteja akiona hivyo anamwita mwizi, na inaniuma kusikia neno hilo likitajwa mbele ya mtu ambaye faida yake kwa bidhaa moja haitoshi hata nauli.

Lakini hilo la bei bado ni dogo. Tazama malipo. Mwenye duka dogo hulipa taslimu, na akipewa mali kwa mkopo ni kwa siku chache tu. Kampuni kubwa inachukua mali leo, inaiuza wiki hiihii, fedha inazo, ila msambazaji ataambiwa asubiri siku 60, pengine 90. Mdogo ndiye anayemkopesha tajiri, tena bila riba! Na siku ya malipo ikifika, hesabu inarudi imenyofolewa: makato ya kuwekewa mali kwenye rafu, makato ya promosheni ambayo msambazaji hakuiomba, makato ya mali iliyorudishwa. Msambazaji naye anataka kuishi. Pengo hilo atalifidia kwa nani kama si kwa wale wasioweza kumtishia, yaani maduka madogo? Kwa hiyo punguzo analofurahia mteja wa supamaketi linaweza kuwa limelipwa na mteja wa duka la uchochoroni, ambaye mara nyingi ndiye mwenye kipato kidogo zaidi.

Huko zinakotoka kampuni nyingi kati ya hizi, mambo haya hayakuachwa yajiendee. Mwaka 2019 Umoja wa Ulaya uliziagiza nchi wanachama kuhakikisha kuwa wanunuzi wakubwa wanawalipa wasambazaji wadogo wa mazao na vyakula vinavyoharibika upesi ndani ya siku 30, na vile visivyoharibika upesi ndani ya siku 60. Uingereza ina msimamizi maalumu tangu 2013 wa kuzibana supamaketi kubwa zisiwaonee wasambazaji. Ujerumani, mwaka 2000, mamlaka ya ushindani iliziamuru kampuni tatu, Walmart ikiwemo, ziache kuuza bidhaa kadhaa za msingi chini ya bei ya kununulia. Kama kwao wanabanwa, kwa nini wakivuka mpaka wafunguliwe geti bila swali?

Afrika Kusini nayo ina somo. Walmart ilipotaka kununua asilimia 51 ya Massmart, kampuni ya rejareja ya huko, Baraza la Ushindani liliruhusu mwaka 2011 kwa masharti, likiwemo la kutopunguza wafanyakazi kwa miaka miwili kwa sababu ya muungano huo na la kutenga randi milioni 100 za kuwainua wasambazaji wa ndani. Vyama vya wafanyakazi na serikali hawakuridhika, wakaenda mahakamani. Mwaka 2012 mahakama iliamuru wafanyakazi 503 waliokuwa wameachishwa warudishwe kazini, na fungu lile likapandishwa hadi randi milioni 240. Masharti yaliwezekana, na mwekezaji hakukimbia.

Nchi hiyohiyo ilichunguza mikataba ya upangaji ambayo supamaketi humfunga nayo mwenye jengo asimpangishe mwingine anayeuza bidhaa kama zake. Ripoti ya mwisho ya 2019 ilitaka mikataba hiyo ikome. Ni kipengele cha mistari miwili kwenye karatasi, wala mteja hakioni, lakini kinatosha kumweka muuza duka nje ya jengo zima hata kama pango analiweza.

Sisemi maduka madogo hayana dhambi. Wapo wanaochezea mizani na wanaouza vilivyopitwa na muda, na hao sheria iwashukie. Supamaketi yenye bei iliyoandikwa na risiti mkononi imewafundisha wengi kudai haki yao kama wateja.

Ila simama pembeni ya kaunta ya duka dogo jioni moja, siku za mwisho wa mwezi. Mtoto kaja na kikaratasi, fedha hana. Muuza duka hamuulizi kitu. Anavuta daftari lililochakaa pembe, analitafuta jina la mama yake, anaandika kiasi chini ya deni la juzi, kisha anapima robo kwa sababu anajua nyumba ile wiki hii haiwezi kilo. Mashine ya malipo ya supamaketi haina ukurasa wa jina hilo.

Na mkubwa akishindwa, huondoka. Walmart iliingia Ujerumani mwaka 1997 na mwaka 2006 ikauza maduka yake 85 ikaondoka. Mwaka huohuo ikatoka Korea Kusini. Ina mahali pa kurudi. Mwenye duka aliyefunga pazia kwa sababu yake hafunguliwi tena na yeyote: mtaji umeliwa, kaunta imeuzwa, daftari la madeni limebaki bila wa kulilipa.

Ombi langu kwa wenye kutoa vibali ni hili. Kabla ya saini, rasimu ya masharti ibandikwe hadharani: siku za kumlipa msambazaji, marufuku ya kuuza chini ya bei ya kununulia kwa lengo la kuua washindani, na marufuku ya mikataba ya kuwafungia wengine majengo. Wenye maduka na wasambazaji wapewe muda wa kuisoma na kujibu kwa maandishi, na majibu yao yawekwe kwenye faili lilelile la maombi.

Msomaji wako wa siku nyingi